Siku Saba na Laptopu ya Kalamu

Jamaa wa duka aliniuliza jina, akaikunja laptopu mpaka mgongo wa kioo ukakutana na tumbo lake, akachomoa kalamu kutoka mfuko wa shati na kuandika jina langu juu ya kioo kwa wino wa buluu. Alikosea herufi moja. Akageuza kalamu, akaifuta kwa mkia wake, akaandika tena. "Hii ni laptopu. Hii ni tableti. Hii ni daftari," akasema, kila moja na kidole chake. "Na bei ni moja tu, boss. Thelathini na nne."

Mimi nilikuwa nimepanda ngazi za jengo lile, karibu na Moi Avenue hapa Nairobi, kutafuta kitu cha kawaida kabisa. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa imevunjika bawaba. Kioo chake kilisimama tu nikikiegemeza kwenye mkebe wa majani chai, na herufi M ilikuwa inatoka ikijisikia. Mtu anayelipwa kwa neno hawezi kuishi bila M, hasa akiwa anaandika Kiswahili. Mfukoni nilikuwa na shilingi 24,000, na kwenye rafu ile ile kulikuwa na laptopu ya bei hiyo hiyo, ya miaka ile ile, yenye nguvu ile ile, isiyokunjika wala kuandikwa juu yake. Hiyo ndiyo niliyokuja kununua. Badala yake nikasimama pale nikitazama jina langu kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Huwa nahakiki vitabu. Kitabu kinakuja na hoja, nawe unakaa nacho uone kama hoja yake inasimama. Laptopu hii nayo ilikuja na hoja, tena yenye mvuto kuliko riwaya kadhaa nilizosoma mwaka huu: kwamba mkono uliofundishwa a e i o u na mwalimu wa chekechea haujapitwa na wakati, na kwamba mashine ya kazi na daftari la mambo yako vinaweza kuwa kitu kimoja. Nimeishi nayo siku saba. Jina la kampuni iliyoitengeneza silitaji. Ilikuwa ni mtumba kutoka ng'ambo, imepitia mikono nisiyoijua, na mtumba hauwezi kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya aliyeushona. Nachohakiki mimi ni aina ya kitu, na ile ahadi.

Kuhusu kukiita jina, shuleni tulikaririshwa tarakilishi na kipakatalishi, Watanzania wana kishikwambi chao, na kwa hiki ambacho ni vyote viwili sijui kamusi ingesema nini. Pale kwenye ngazi kinaitwa "ya kukunja" na mazungumzo yanaendelea.

Nilitoka bila kununua. Nilimpigia Mama.

Hapa lazima niseme kitu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea hesabu na takwimu, na niliacha kwa sababu mbili: karo, na kufeli. Ya karo nilimwambia. Ya kufeli sikumwambia, na hata hiyo ya karo niliipaka sukari, nikasema nimeahirisha. Kuahirisha ni neno laini, halina pembe ya kushikia kosa. Huu ni mwaka wa tatu naahirisha. Basi siku ile, nikiwa bado na ile buluu machoni, nikamweleza kwamba kuna laptopu ya kalamu, unafanyia hesabu juu ya kioo kama daftari, na kwamba mtu akirudi chuo nayo hahitaji nyingine. Sikumwomba pesa. Lakini ukimwambia mama mwenye chama maneno kama hayo, umeomba. Jumatano ya wiki iliyofuata zamu yake ilifika, na kabla sijapiga mswaki M-Pesa ikalia: elfu kumi. Ujumbe ukafuata, maneno mawili. "Ya kalamu."

Kwa hivyo nikanunua. Jamaa aliniandikia risiti kwa biro, ambayo naona alipaswa kuionea haya, na tukakubaliana: nikirudisha ndani ya siku saba bila mkwaruzo, anakata elfu moja na kunipa nyingine au pesa zangu.

Wacha nianze na kalamu yenyewe, maana hapo ndipo wengi hutapeliwa bila mtu yeyote kusema uongo. Kuna kalamu za aina tatu na kwa macho zinafanana. Ya kwanza ni ile ya ncha ya mpira inayouzwa mia mbili barabarani. Hiyo ni kidole cha plastiki. Itafanya kazi kwenye kioo chochote cha kugusa, na itakuandikia kama mtoto aliyevaa glavu. Ya pili haina betri. Kioo chenyewe kina waya chini yake zinazotoa nguvu ya sumaku, na kalamu inakula hapo hapo. Wacom ndio waliojulikana nayo. Ilikuwa kwenye ThinkPad X230 Tablet ya 2012, kwenye simu za Galaxy Note tangu 2011, na kwenye Surface Pro mbili za kwanza za Microsoft. Ya tatu ina betri yake, na hapo Microsoft walihamia mwaka 2014 na Surface Pro 3. Sasa shida ni kwamba kalamu ya aina moja haisomeki na kioo cha aina nyingine, na hata hizi za betri zenyewe zina lahaja tofauti. Ukiuziwa laptopu bila kalamu yake, na ukaambiwa "kalamu utapata tu, zimejaa", muulize amejaribu ipi. Mwambie aijaribu mbele yako.

Yangu ilikuwa ya betri. Siku ya pili ikazima.

Neno lenyewe, kalamu, lilitujia kwa Kiarabu, na Wagiriki nao walikuwa na kalamos, yaani mwanzi. Mwanzi unauchonga ukiisha makali. Hii yangu ilitaka betri ya A nne. Si A tatu, hizo za rimoti. Nilizunguka maduka matano. Wa kwanza alinipa A tatu, nikamwambia A nne, akaniangalia kama mtu anayemtania. Wa nne alisema hajawahi kuona kitu kama hicho na ana miaka kumi na tano kwenye biashara. Aliyeniokoa ni fundi wa redio mtaani kwetu, mzee wa makamo, ambaye alichukua betri ya mraba ya volti 9, akaichana bati kwa koleo, na ndani zikatoka betri nyembamba sita zimelala kama sigara. Si kila betri ya volti 9 iko hivyo, alisema, nyingine ndani ni bapa zimepangwa kama mandazi. Akapima kwa mita ajue upande wa chanya, akaona ni fupi kidogo, akakunja karatasi ya fedha kutoka pakiti ya sigara akaziba pengo. Kalamu ikaamka. Akakataa pesa, akaomba aandike kidogo. Aliandika jina la mkewe.

Nimeeleza kisa hiki kirefu kwa sababu kila tathmini niliyotazama kabla ya kununua ilizungumzia kiwango cha mgandamizo, sijui viwango elfu ngapi, na hakuna hata moja iliyouliza betri inauzwa wapi. Anayetathmini anaishi mahali ambapo inauzwa.

Kuandika kwenyewe sasa. Kioo kinateleza. Hilo utalisikia neno la kwanza. Mkono uliozoea karatasi hutegemea msuguano kujua herufi imefika wapi. Kwenye kioo, mkia wa "g" unakimbia kama sabuni sakafuni. Halafu wino unachelewa. Si sana, ni kama mtu anayekuitikia baada ya kumeza mate, lakini ukiandika haraka unauona ukifuata ncha kwa nyuma. Na chora mstari wa mshazari polepole kwa kutumia rula: kwenye yangu ulitoka na mawimbi madogo, kama nilichora ndani ya matatu. Jaribio hilo lifanye dukani, pamoja na pembe nne za kioo, na ulaze kiganja chote kabla ya ncha kugusa uone kama mashine itajua kiganja si kalamu. Yangu ilijua mara nyingi. Mara ambazo haikujua, niliachiwa alama ya kidole kidogo katikati ya sentensi.

Mtu akilalamika hivi kwenye nchi hii, hasa akiwa anajiita mwandishi, ataletewa Ngũgĩ. Kwamba mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamĩtĩ, aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi ya choo, sasa wewe unalia laptopu. Nimeletewa mfano huo na watu wasiopungua wanne, mmoja wao akiwa ananidai. Nami sasa nina jibu. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza kwamba karatasi ile ya jela ilikuwa ngumu, mbaya kwa kazi iliyokusudiwa na nzuri kwa kalamu. Ilishika wino. Kwa hiyo hata yeye, pamoja na yote, hakuandika kwenye kitu kinachoteleza. Unaweza kubandika karatasi ya plastiki yenye mikwaruzo juu ya kioo ili kalamu ishike, wapo wanaoiuza, lakini inafanya maandishi yaonekane kama kupitia moshi, na inailamba ncha.

Kuikunja ni mchezo mzuri kwa siku mbili. Mashine nzima ilikuwa na inchi 13 na uzito wa kilo 1.3 hivi, na hapo ndipo maneno yanamchezea mnunuzi: kwa laptopu, hiyo ni nyepesi, kwa tableti, ni jiwe. iPad ya kawaida haifiki nusu kilo. Nililala chali nikisoma nayo, dakika ishirini, mkono ukafa ganzi, ikaniangukia puani. Ukiishika ikiwa imekunjwa, vidole vyako vinashika herufi za kibodi upande wa nyuma. Zimezimwa, hazifanyi kitu, lakini unazisikia zikibonyea, na mtu anayeishi kwa kuchapa hawezi kusikia herufi zikibonyea bila moyo kushtuka. Feni nayo iko huko huko chini, kwa hiyo kilichokuwa tumbo la laptopu sasa ni mgongo wa daftari lenye homa. Kwenye matatu, usithubutu. Sababu zote mbili unazijua.

Mwaka 2001 Bill Gates alisimama kwenye maonyesho ya Comdex akatabiri kwamba ndani ya miaka mitano kompyuta ya kalamu ndiyo itakuwa inauzwa zaidi Marekani. Haikuwa. Mwaka 2007 Steve Jobs aliiuliza hadhira yake nani anataka kijiti cha kuandikia, watu wakacheka, na mwaka 2015 kampuni yake hiyo hiyo ikatoa Apple Pencil. Sisemi haya kuwacheka matajiri. Nasema kwa sababu ahadi ya kalamu ni ya zamani, inakufa na kufufuka, na kila ikifufuka huuzwa kwa hamu ileile: kwamba kuna mtu ndani yako, mwenye mwandiko, ambaye kibodi ilimnyamazisha. Mwaka 2014 watafiti wawili, Mueller na Oppenheimer, walichapisha utafiti kwamba wanafunzi walioandika nukuu kwa mkono walielewa zaidi kuliko waliochapa. Utaukuta kila mahali panapouzwa kalamu. Waliourudia mwaka 2019 walipata tofauti ndogo mno. Hao hutawakuta dukani.

Siku ya tatu nilijaribu kile ambacho nilidhani kingeniuzia moja kwa moja: unaandika kwa mkono, mashine inageuza kuwa maandishi ya kuchapwa. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliiacha kwa Kiingereza, na sikuwa na bando ya kuongeza lugha nyingine, kwa hiyo nikaona nijaribu hivyo hivyo. Nikaandika "kwake". Ikaniandikia Quake. Nikaandika "hali ya Mama", ikanipa Hail ya Mama. "Tumesota" ikawa jina la mji ambao sijui uko wapi. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Pengine ukiwekea lugha yake sawasawa mambo yanakaa. Lakini hata kwa Kiingereza changu, ambacho ilikisoma vizuri, nilikuwa polepole kuliko vidole vyangu kwa zaidi ya nusu. Mimi nachapa bila kuangalia. Nilijifundisha mwaka ule nilipoacha chuo, kwenye saiba, kwa shilingi moja kwa dakika. Huo ndio mwandiko wangu sasa, kusema kweli.

Ambako kalamu ilinishangaza ni kwenye kusahihisha. Rafiki yangu ameandika riwaya, aliniomba niisome, kurasa 180 za PDF. Kwa kibodi mimi ni msomaji mnafiki. Nikiona sentensi mbovu nafungua kisanduku cha maoni, naanza kwa sifa, nazunguka, naandika aya nzima ya kumwambia aikate. Kwa kalamu niliikata. Mstari mmoja. Pembeni nikaandika "nani?" au "ushasema", nikaenda mbele. Kurasa arobaini kwa saa moja na nusu, na nilipozirudia niliona nilikuwa nimesoma vizuri, kwa ukali na kwa upendo, kama walivyokuwa wakisahihisha walimu waliotupenda. Kama kazi yako ya kila siku ni hiyo, kusahihisha insha, kupitia michoro, kuweka alama kwenye kitu cha mtu mwingine, acha kusoma hapa, nenda ukainunue. Jirani yangu anafundisha kemia mtandaoni, wanafunzi wako hadi Garissa, na nilipomwazima kwa kipindi kimoja alichora mizunguko ya benzini huku akizungumza, akanirudishia mashine kwa shida.

Nilimtumia rafiki yangu zile kurasa. Akajibu kwa furaha nyingi na ombi moja: naweza kumwekea haya kwenye Word, upande wa maoni, ndio ayakubali kwa kubonyeza? Nikachapa yote upya.

Usiku wa nne stima ilipotea mtaa mzima.

Kazi ya mteja ilikuwa imebaki maneno mia sita na intaneti imekufa pamoja na stima. Betri ya mashine ilinionyesha saa mbili na ushee. Sikuwa na la kufanya. Nikaikunja, nikachukua kalamu, na bila kupanga nikaandika alama ya intigrali. Ile S iliyovutwa juu na chini. Jaribu kuiandika kwa kibodi ndipo utaelewa. Unaingia menyu, unachagua kiolezo, unajaza visanduku, na wazo ulilokuwa nalo limeshapanda matatu. Kwa kalamu ni mpindo mmoja wa mkono. Nikaandika swali lililoniangusha mwaka wa pili. Silikumbuki kwa makusudi. Limekaa tu, kama namba ya simu ya nyumba mliyohama. Nikaanza kuligawanya. Nilipokosea, nilizungushia mstari mzima kwa kalamu, nikausukuma chini, nikaacha nafasi, nikaingiza hatua niliyoiruka. Karatasi haifanyi hivyo. Kwenye karatasi kosa lako linabaki juu yako likikutazama hadi mwisho wa ukurasa. Hapa unalihamisha, unalipa nafasi, linajinyoosha. Nilijaza kurasa kumi na moja. Kwenye ya tisa nilipata jibu, la kumi na la kumi na moja nilikuwa natamba tu. Stima iliporudi saa saba za usiku sikuona hadi friji ya jirani ikaanza kunguruma.

Sasa mtu wa matangazo angeishia hapo. Mimi mwenyewe nililala nikiwa nimeshaamua kubaki nayo.

Ila nilikuwa na tabia moja wiki ile: kila nikimaliza kikao naandika saa kwenye bahasha ya zamani, kwa biro. Jumamosi nikazijumlisha. Kibodi, saa 41. Kalamu, saa 6. Katika hizo sita, moja na nusu ni riwaya ya rafiki yangu, moja ni kuchezea tu na kuchora pua za watu, tatu na nusu ni usiku ule. Yaani niliongeza elfu kumi, nikabeba uzito, nikakubali kioo kinachong'aa kama kioo cha kinyozi kila dirisha likifunguliwa, nikawinda betri ya A nne nusu ya jiji, kwa usiku mmoja ambao stima ilipotea.

Unaweza kusema usiku mmoja kama ule ni bei rahisi. Nimelitafakari hilo, na kama mtu angeniambia mimi ningekubali. Lakini swali la laptopu si usiku wako bora. Swali ni Jumanne. Jumanne yangu ni maelezo ya vifaa vya jikoni vya duka ambalo sitawahi kuliona, maneno elfu tatu kabla ya saa kumi, na kwa Jumanne hiyo mashine ya kawaida ya 24,000 ilikuwa na kibodi bora, kioo kisichong'aa, na betri ya kubadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Nilipokuwa dukani sikuwa nanunulia Jumanne. Nilikuwa namnunulia yule mwanafunzi ambaye Mama bado anamlipia, ambaye yuko mapumzikoni tu, anarudi muhula ujao. Mashine ilikuwa nzuri kwake. Yeye ndiye hayupo.

Na hesabu? Hesabu inaweza kufanyika kwenye daftari la kurasa mia mbili. Sitadai ni sawasawa, ule uwezo wa kusukuma mstari chini nitaukumbuka. Lakini ningetaka kujua kama naipenda hesabu au naipenda buluu, na daftari litaniambia kwa bei nafuu.

Jumapili jioni nilizihifadhi zile kurasa kumi na moja kama PDF, nikajitumia kwa barua pepe. Fanya hivyo kila usiku kama utainunua, kwa sababu programu hizi za kuandikia hukufungia maandishi yako ndani ya nyumba zao, na siku unahama unagundua huna ufunguo. Kisha nikafuta kila kitu, nikaipangusa kwa fulana.

Jamaa wa duka aliikagua kwa tochi ya simu, pembe kwa pembe. Hakuna mkwaruzo. Akajaribu kalamu, akaandika jina lake safari hii. "Imekushinda nini, boss?" Nikamwambia haijanishinda, ni kazi yangu tu haiihitaji. Alitikisa kichwa kama daktari. Nikachukua ile ya kawaida, akanirudishia elfu tisa baada ya kukata yake. Nilikuwa nimefika ngazi za chini ndipo nikakumbuka betri ya fundi na karatasi ya sigara viko ndani ya kalamu. Nikaviacha. Atakayeinunua atapata mwanzo mzuri.

Nikachukua Fuliza ya elfu moja kujaza pengo, nikamtumia Mama elfu kumi zake. Hazikukaa dakika tatu akapiga.

"Umenirudishia?"

"Ndiyo Mama. Nimechukua nyingine. Ya kawaida."

"Kwani hiyo kalamu ilikuwa mbaya?"

Nilikuwa nimesimama nje ya duka la kuuza chaja, watu wanapita, muziki wa matangazo juu. Nikasogea ukutani. Nikamwambia hapana, kalamu ilikuwa nzuri sana. Halafu nikamwambia hayo mengine.